Dakika Arobaini na Saba za Mwalimu Evodius Kagaruki (1957–2025)

Waheshimiwa mapadre, masista, makatekista, wanajumuiya, ndugu na majirani mliotoka Misugusugu, Ruvu na hapa Kibuta, familia inawashukuru kwa kufika. Wasifu huu tumeuandika kwa pamoja, na unasomwa na mdogo wake marehemu. Sehemu yake moja imeingizwa kwa ombi la binti wa marehemu, Jenifa, ambaye alisema kwamba kama haitasomwa, basi wasifu wote usisomwe. Marehemu angependa tuwe wafupi. Tumejitahidi, lakini damu ni ile ile.

Marehemu Mwalimu Evodius Kagaruki alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Deogratias Kagaruki na Bi Paskazia Kokushubira, ambao wote wametangulia. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno marehemu aliyapata kwa mama yake, ambaye hakuweza kumtuma mtoto chumvi dukani bila kwanza kumweleza chumvi hiyo inatoka wapi na nani aliyemfundisha kuitumia. Evodius alirithi mdomo huo, na hakuwahi kuuonea haya mpaka alipofika umri wa miaka sitini na minne.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Mwaka 1973 alijiunga na seminari ndogo, akiwa na nia ya kuwa padre. Baba yake alifariki mwishoni mwa mwaka uliofuata, nyumbani pakahitaji mikono, naye akatoka seminarini akamalizia sekondari akiwa anatokea nyumbani. Hakulalamika. Ila kila alipohudhuria misa ya upadrisho, mkewe, Mama Castory, alikuwa akimwona anatoa leso kabla ya wazazi wa padre mpya hawajatoa zao. Mwaka 1977 aliingia Chuo cha Ualimu Katoke, akahitimu mwaka 1978.

Mwezi Januari 1979 alipangiwa kufundisha shule ya msingi hapa Kibuta, wilayani Kisarawe. Alikuja na sanduku moja la bati na alikuwa hajui hata mti wa mkorosho unafananaje. Wakatoliki hapa walikuwa wachache: walimu, wauguzi, na familia mbili tatu zilizotoka bara. Walisali katika kibanda cha udongo, na padre alifika mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Mwaka 1983 Mwalimu alibarikiwa kuwa katekista wa kujitolea, na kuanzia hapo, kila Dominika isiyo na padre, aliongoza ibada yeye.

Aliongoza kwa raha zake. Ukuta kwa ukuta na kile kibanda walikaa jirani zake, Mzee Pazi Kitwana na mkewe Bi Mwanajuma, ambao ni Waislamu na wenyeji wa hapa. Bi Mwanajuma alikuwa na desturi ya kubandika kunde pale anaposikia Mwalimu ameanza kuhubiri. Siku moja sauti yake ilipenya ukutani katikati ya mahubiri: "Mwalimu! Kunde zimeiva, na nimezipakua, na tumekula. Wewe bado tu?" Waumini wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akafuta jasho, akasema, "Bibi ana haki. Basi nimalizie kwa mambo matatu." Alimalizia kwa mambo matano.

Tarehe 15 Novemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Laurensia, muuguzi wa zahanati, ambaye leo ndiye mjane wetu. Tarehe 2 Mei 1988 walijaliwa mtoto wao wa kwanza, wa kiume, wakamchagulia jina la Faustini. Padre alikuwa anatarajiwa mwisho wa mwezi, nao wakasubiri ili mtoto abatizwe kwa sherehe, na bibi yake awe amefika kutoka Kagera. Tarehe 23 Mei homa ilimpata mtoto alfajiri, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshatutoka. Hakuna aliyekumbuka maji. Mama yake alikuwa muuguzi na baba yake katekista, wote wawili wanajua namna ya kumbatiza mtoto aliye hatarini, na wote wawili walikuwa wanakimbizana na homa.

Msibani, baadhi ya waumini walinong'ona kwa sauti ya kutosha kusikika. Mmoja, mtu mzima aliyeheshimika, alimwendea Mwalimu akamwambia, "Katekista mzima, mtoto wako anaondoka hivi? Jichunguze. Mungu hapigi bure." Pakatokea ubishi kama mtoto azikwe penye makaburi ya kanisa au pembeni. Ubishi ulipokuwa unaendelea, Mzee Pazi alichukua jembe lake, akaenda mpakani mwa shamba lake, akaanza kuchimba. Walipomfuata kumuuliza, alisema, "Mleteni mtoto. Ardhi hii haijawahi kuniuliza dini ya mtu." Hapo ndipo Faustini alipozikwa. Mwalimu hakulizungumzia jambo hilo hadharani kwa miaka thelathini na minne. Watoto waliomfuata, Castory aliyezaliwa 1990 na Jenifa aliyezaliwa 1993, walijua tu kwamba walikuwa na kaka.

Mwaka 1996 alihamishiwa shule ya msingi huko Ruvu, akawa mwalimu mkuu mwaka 2003. Alistaafu tarehe 14 Juni 2017, akahamia na mkewe Misugusugu, Kibaha, katika nyumba waliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na mitatu. Hapo alikabidhiwa Kigango cha Mtakatifu Gaudensi. Waumini wa kigango hicho wengi wao ni watu wa kuamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini Dar es Salaam. Dominika ndiyo siku yao pekee ya kufua na kuonana na watoto wao. Mwalimu aliwahubiria kama alivyowahubiria watu wa Kibuta wa mwaka 1983. Walimpenda, ni kweli. Lakini walianza kutazama saa, na vijana wakaanza kutazama simu.

Sasa tunafika sehemu aliyoiomba Jenifa.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 parokia ilivitaka vigango vyote viwe vinaweka mtandaoni kipande cha mahubiri kisichozidi dakika moja, ili Neno liwafikie wasiofika kanisani. Kigango kilifungua ukurasa na grupu la WhatsApp, na watu watano wakapewa ruhusa ya kuweka mambo. Jenifa alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, anafanya kazi ofisini mjini, na alikuwa na hamu moja, kwamba watu wamsikie baba yake. Aliamini kwamba baba yake alikuwa anahubiri vizuri kuliko wengi waliokuwa mtandaoni, ila tu hakuna aliyekuwa na muda wa kumsubiri afike penyewe.

Dominika ya tarehe 20 Machi 2022 ilisomwa Injili ya wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara, pale Bwana anapouliza kama mnadhani walikuwa na dhambi kuliko wengine. Mwalimu alihubiri dakika arobaini na saba. Alianza kwa kusema, "Sikilizeni watu wanavyosema wakitoka msibani." Kisha akazungumzia misiba ya Kamachumu, kisha minara, kisha akarudi msibani, na safari hii aliigiza sauti za wale wasemaji, kama alivyopenda kufanya. Sauti yake ilipanda, akapiga kiganja kwenye meza ya masomo: "Huyu amefiwa na mtoto, tena hajabatizwa. Mnadhani ni bure? Ana lake huyo! Mzazi amezembea, mtoto amelipa. Mungu hapigi bure!" Akanyamaza kidogo. Akaenda kwenye mtini usiozaa wa Injili ile ile, akaelezea mbolea, akaelezea bustani ya shule ya Ruvu. Zilipita dakika tisa ndipo akasema, "Na mimi nawaambia, maneno yale ni uongo. Waliniambia mimi mwenyewe, na yalikuwa uongo." Wakati huo sehemu kubwa ya waumini walikuwa wameshaondoka, kwa miguu au kwa usingizi.

Mchana ule Jenifa alikaa na simu yake, akarusharusha rekodi ya mahubiri yale mpaka akafika mahali ambapo sauti ilikuwa na nguvu kuliko pote. Akakata hapo ilipopanda, akakata hapo iliponyamaza. Zikawa sekunde thelathini na nane. Akaandika juu yake, "Neno zito la leo," akaiweka. Simu ilikuwa imejaa, hivyo rekodi nzima akaifuta.

Katika kigango kile kulikuwa na mama kijana aitwaye Nuria, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Wiki tano kabla ya hapo alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mtoto wake wa kike aliishi siku mbili. Hakubatizwa. Dominika ile Nuria hakuwepo kanisani kwa sababu mshono ulikuwa haujapona. Ile klipu ilimkuta kitandani. Kwanza aliiona kwenye grupu la kigango, kisha kwenye la kwaya, kisha shangazi yake aliyeko Mwanza akamtumia akimuuliza, "Si ndiyo kanisani kwenu hapo? Wanakusema wewe?" Mpaka Jumatano watu wasioijua hata Kibaha walikuwa wanabishana chini ya ile klipu. Wapo waliomtukana Mwalimu. Wapo, na hao ndio waliomuumiza zaidi, waliomsifu kwa kusema ukweli bila woga.

Alhamisi jioni Jenifa alimkuta baba yake uani akichambua mchele na mkewe. Alipiga magoti hapo hapo penye ungo.

"Baba, ni mimi niliyekata."

Mwalimu aliendelea kutoa vijiwe. "Nilijua. Wale wengine wanne hawawezi kunisikiliza mpaka dakika ya ishirini."

"Nitakwenda kwa Padre kesho. Nitamwambia kila mtu."

"Hutamwambia mtu."

"Baba, watu wanakutukana kwa kosa langu!"

Alisukuma ungo pembeni. Mama Castory anasema hakuwahi kumwona ametulia vile. "Jenifa, mwanangu. Kosa la kukata ni lako. Kosa la kurefusha ni langu. Ningesema dakika saba, usingekuwa na cha kukata. Nilikuwa na neno moja la kuwaambia watu waliofiwa, nikalificha nyuma ya mitini na minara kama mtu anayeficha dawa. Wewe una miaka mingi ya kuishi na watu wa hapa. Mimi waache wanimalize."

Jenifa alitii. Ameomba tuseme kwamba alitii kwa sababu baba yake aliamuru, na pia kwa sababu aliogopa.

Jumamosi tarehe 26 Machi halmashauri ya kigango ilikutana na paroko wa wakati ule, Padre Gregori. Simu iliwekwa katikati ya meza, klipu ikachezwa.

"Mwalimu, maneno haya ni yako?"

"Sauti ni yangu, Padre."

"Ulikuwa na maana gani?"

Mwalimu akaanza kueleza. Alianzia Kamachumu. Baada ya dakika kumi Padre aliinua mkono taratibu. "Kwa ufupi, Mwalimu." Alijaribu. Walioshuhudia wanasema alifungua mdomo mara tatu na mara tatu hakujua aanzie wapi. Padre, ambaye hakuwa na nia mbaya, akawageukia waliokuwepo Dominika ile awaulize ni nini kilitangulia na ni nini kilifuata. Mmoja alisema alikuwa ametoka nje kidogo. Mwingine alisema alikuwa anasali rozari kimoyomoyo. Mwingine alisema kweli kabisa kwamba alilala. Zaidi ya watu sitini walihudhuria ibada ile, na hakupatikana hata mmoja aliyeweza kumtetea kwa sentensi moja.

Kuhusu aliyeikata, Mwalimu aliulizwa mara mbili, na mara mbili alijibu, "Sauti ni yangu." Aliondolewa katika huduma ya ukatekista siku hiyo hiyo, baada ya miaka thelathini na tisa. Alirudisha kanzu yake nyeupe ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Alikwenda nyumbani kwa Nuria mara tatu pamoja na mkewe. Mara ya kwanza geti halikufunguliwa. Mara ya pili walisikia redio ikipunguzwa sauti ndani, na bado halikufunguliwa. Mara ya tatu alitoka mume wake, akawasalimia kwa heshima, "Shikamooni," kisha akasema, "Mwalimu, kila mkija mke wangu halali siku mbili. Naomba msije." Mwalimu alimshika mkono akamshukuru. Hakurudi tena. Mwaka huo huo Nuria na mumewe walihama Misugusugu, na Nuria hakusali tena pale, na tulivyosikia, hakusali popote.

Kwa miaka mitatu Mwalimu alikaa benchi la tatu kutoka nyuma. Hakununa wala hakuhama jumuiya. Lakini nyumba yao iliyokuwa na maneno toka asubuhi ikawa na ukimya ambao Mama Castory hakuuzoea. "Nilikuwa namwomba anyamaze," anasema, "na nilipopewa nilichoomba nikaona ni mzigo." Mwalimu alinunua daftari la kurasa mia moja, akaandika upya mahubiri ya siku ile. Akayaandika tena. Kila alipomaliza aliyasoma kwa sauti, huku mkewe akishika saa. Dakika ishirini na mbili. Dakika kumi na sita. Akakaa muda mrefu sana kwenye dakika kumi na moja, kwa sababu hakuweza kuachana na mtini.

Mwezi Agosti 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Hospitalini Kibaha, na baadaye Dar es Salaam, aligundulika kuwa na moyo uliotanuka. Alihudumiwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Pumzi yake ilipungua mwezi hadi mwezi. Mtu aliyekuwa akitembea kutoka Kibuta mpaka vijiji vya jirani kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza sasa alipumzika mara mbili kati ya kitanda na mlango. Sentensi zake zikawa za maneno manne, matano. Jenifa alikuwa akitoka chumbani kwenda kulia, maana aliyekuwa anamsikia mle ndani hakuwa baba yake.

Mwaka 2024 alikuja paroko mwingine, Padre Lusajo. Alimtembelea kumpa komunyo ya wagonjwa, akaliona lile daftari, akaliomba, akalisoma lote pale pale kitini. Hakusema kitu siku hiyo. Alirudi mwezi Machi mwaka huu.

"Mwalimu, masomo yamezunguka miaka yake mitatu. Dominika ya tarehe 23 inarudi Injili ya mnara."

"Najua, Padre. Nimeihesabu."

"Nakupa dakika nne."

Mwalimu alihema kwanza. "Tatu zinatosha. Ya nne nitaitumia kupumua."

Wiki ile alimwita Jenifa akampa karatasi. "Ikate," akamwambia. "Anza popote, ishia popote. Kisha unisomee kipande hicho." Jenifa alikata mstari wa pili na wa tatu, akasoma. Mwalimu akasema mama aliyefiwa angeumia hapo, akaufuta mstari wa tatu. Walifanya hivyo siku nne, baba na binti, mpaka karatasi ikawa ni kitu ambacho hata ukitoa sentensi moja tu, sentensi hiyo haimuui mtu. Mtini ulitoka siku ya mwisho. Aliuaga kwa kicheko, kisha akakohoa sana.

Dominika tarehe 23 Machi 2025, Mwalimu alihubiri akiwa ameketi. Haya ndiyo aliyoyasema, yote:

"Ndugu zangu. Mtoto wangu Faustini alifariki bila kubatizwa. Haikuwa adhabu. Aliyeniambia ni adhabu alikosea. Mungu alikuwa upande wa mtoto, na upande wa mama yake, tangu homa ilipoanza. Miaka mitatu iliyopita nililisema hili vibaya hapa, kwa maneno mengi, na mama mmoja aliyefiwa akaumia. Mama huyo hana kosa. Mtoto wake hana kosa. Mimi ndiye niliyekosa. Yeyote aliyefiwa aniangalie mimi: nimezika mwanangu, na Mungu hakuniacha. Tumsifu Yesu Kristo."

Waumini walichelewa kuitikia. Walidhani anaendelea.

Jenifa aliirekodi yote, wala hakuikata. Kesho yake, Jumatatu, bila kumwomba baba yake ruhusa, aliitafuta namba ya Nuria, akamtumia rekodi ile, na chini yake akaandika: "Dada Nuria, ile klipu ya mwaka 2022 niliikata mimi, Jenifa. Baba alikuwa anayapinga maneno yale, mimi nikapaacha nje pale anapopinga. Alinikataza kusema. Nimenyamaza miaka mitatu kwa woga. Nisamehe ukiweza." Mwalimu alipoambiwa, alikasirika. Hakuzungumza na binti yake siku mbili. Siku ya tatu alimuuliza, "Amesoma?" Alikuwa amesoma. Alama za bluu zilionekana tangu Jumatatu ile ile.

Jibu lilikuja Ijumaa ya tarehe 4 Aprili. Lilikuwa na maneno haya: "Nimesikiliza. Namshukuru kwa kumtaja mtoto wangu. Sijawa tayari kuja." Jenifa alimsomea baba yake mara mbili. Mwalimu alifumba macho, tukadhani amelala.

"Basi msimsumbue tena," akasema.

Tangu siku hiyo aliuliza kidogo kidogo, kwa yule aliyekuwa karibu, kama kuna mtu amebisha hodi. Hakutaja jina. Tulimjibu kwamba hakuna.

Mwalimu Evodius Kagaruki alifariki dunia nyumbani kwake Misugusugu, Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa. Alikuwa ameshikwa mkono na mkewe. Aliomba azikwe hapa Kibuta, mpakani mwa shamba la Mzee Pazi. Mzee Pazi mwenyewe, akiwa na umri wa miaka themanini na minane, ameketi nasi hapa mbele. Jana alilishika jembe, akachimba mara tatu, ndipo vijana wakampokea.

Familia inaungama mbele yenu kwamba tulimwacha baba yetu abebe peke yake mzigo ambao tungeweza kumsaidia kuubeba. Jenifa anaungama kwa jina lake. Anawaomba wale ambao bado wanayo klipu ile katika simu zao, na tunajua wapo hapa mazikoni, wasiifute kwanza. Waisikilize mara moja tena, wakijua sasa maneno yale yalikuwa ya nani na aliambiwa nani, kisha wafanye watakavyo. Kwa Dada Nuria, popote alipo, hatuna ombi lolote. Baba alikataza.

Marehemu ameacha mjane, Bi Laurensia. Watoto wawili, Castory na Jenifa. Mkwe mmoja, wajukuu wanne, na ndugu watatu wa tumbo moja. Ameacha pia wanafunzi wa Kibuta na Ruvu ambao hawana idadi, na daftari moja la kurasa mia moja ambalo kurasa zake tisini na sita zimejaa yaliyofutwa.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako Evodius, umpumzishe katika amani yako mahali ambapo hakuna anayehema.